Kadi za Arusi ya Khalati Mwanakombo

Juzi jirani yangu alikuwa akifukiza nyumba, na kwa kuwa udi siku hizi haushikiki bei, alitia sandarusi chetezoni. Moshi ukapenya dirishani kwangu nikiwa nachambua mchele. Ni harufu ya utomvu mkavu, kali kidogo, kama ganda la ndimu likiungua. Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Watu wengine wakiisikia harufu hiyo huwaza maulidi, au chumba cha bibi arusi. Mimi huwaza kadi, na nikishawaza kadi hukiwaza kidole. Nikanyanyuka nikafunga dirisha, ingawa jirani wa watu hana kosa.

Nilizaliwa Msambweni, na katika miaka ya hamsini, nikiwa bado na mapengo ya meno ya mbele, nyumbani tulikuwa watu watatu: mama, mimi, na mdogo wake mama, khalati Mwanakombo. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Ramisi na tulimwona kwa nadra. Khalati alikuwa hajaolewa. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti nzito kidogo kuliko za wanawake wenziwe, na akicheka alilazimika kukaa chini.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi. Mke wa Mhindi mwenye duka alikuwa na ndugu katika kiwanda cha chapa Mombasa, na ndugu huyo alimletea kadi ambazo maandishi yake yameinuka juu ya karatasi, ukipitisha kidole wayahisi kama mishipa ya jani. Khalati alipoziona alizigeuza, akazinusa, akauliza maswali mpaka yule mama akachoka akamweleza yote: muhuri wa mpira, wino usiokauka upesi, unga wa utomvu, na moto.

Mpira aliupata kwa fundi viatu, vipande vya soli vilivyobaki. Aliuchonga kwa wembe na ncha ya sindano, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo: mwezi mwandamo, ua la kilua, kikuba cha asumini. Wino wa dukani aliutia tone la mafuta ya mbarika ili ubaki mbichi. Sandarusi tuliitwanga katika kinu kidogo cha bizari, tukaichunga kwa kitambaa cha melimeli hadi ikawa laini kama poda. Akishagonga muhuri kwenye karatasi aliunyunyizia unga, akakung'uta uliozidi, kisha akaishika kadi juu ya seredani ya makaa. Kwa muda hapakuonekana kitu. Ua lilikuwa limefunikwa vumbi, kama mguu uliotoka safari. Mara vumbi likaanza kutoa jasho, likang'aa, likavimba, na ua likasimama juu ya karatasi kana kwamba limechomoza kutoka chini yake. Mimi nilipepea makaa kwa kipepeo, tena taratibu, maana moto ukipanda karatasi hugeuka rangi ya chapati.

Muhuri wake wa kwanza wa herufi za Kiarabu alisahau kuugeuza, na "Idi Mubarak" ikatoka kinyumenyume. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliishika kadi ile, akaipindua, akaipeleka kwenye mwanga, akasema huenda majini ndivyo wasomavyo. Tangu siku hiyo khalati alichonga akiwa na kioo mbele yake.

Kila Idi kadi zake zilienea mtaani. Mama Zuhura, jirani yetu wa mlango kwa mlango, alizipenda kupita wote. Alizibandika kwa uji wa muhogo juu ya kitanda chake, na kila mgeni alipelekwa chumbani akazipapase.

Mwaka ninaousimulia, khalati alikuwa ameposwa na Bakari, fundi cherehani wa Tiwi, kijana mpole aliyeona haya hata kumsalimu mama. Arusi iliwekwa Mfungo Mosi, baada ya Idi. Khalati akasema wageni wake wataalikwa kwa kadi. Wazee wakanung'unika kwamba mwaliko ni mtu kuja mlangoni, akakaa, akanywa maji, akasema lililomleta; karatasi haina adabu ya kunywa maji. Naye hakujali. Alichonga muhuri mpya, vikuba viwili vilivyofungwa kwa uzi mmoja, na Ramadhani ilipoingia tukaanza kazi.

Asubuhi moja tulikuwa uani, yeye kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mimi mkekani na kipepeo changu. Alikuwa akinieleza nyumba ya Tiwi ilivyo, kwamba ina kisima chake, kwamba nitakuwa nikienda kukaa naye siku za mapumziko ya chuo. Nikasikia harufu. Nikashangaa ni nani anayebabua nyama mchana wa Ramadhani. Nilipotazama, kidole chake cha mwisho kilikuwa kimelala juu ya ukingo wa seredani, kimetulia, kama mtu aliyeegemea ukuta. Ngozi ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe. Na yeye anaendelea kuniambia habari za kisima.

"Khalati, kidole," nikasema.

Akakitazama. Hakukiondoa mara moja. Alikitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kimetoka kwa nani. Kisha akakiinua polepole, akakishika kwa mkono wa pili, akakifinya.

"Sikusikia kitu, Mishi," akasema. "Sikusikia kitu kabisa."

Mama alikuja na asali ya kupaka. Alipokuwa akikifunga kidole aliukunja mkono wa kanzu ya khalati, na hapo juu ya kiwiko palikuwa na baka lililopauka, kavu, ambalo sisi sote tulikuwa tumeliona na kulidhani utangotango. Mama akachomoa sindano ya kushonea aliyokuwa ameichomeka kwenye leso, akamwambia khalati ageuze uso, akaidunga ncha yake katikati ya baka. Khalati hakushtuka. Akauliza, "Umekwisha anza?" Mama akaanza kulia bila sauti.

Sisi wa Msambweni hatukuhitaji kuelezwa. Kambi ya wagonjwa wa ukoma ilikuwa huko huko kwetu, na siku zile jina hilo hatukulitaja. Tuliuita maradhi makubwa. Lakini mimi sikuyaunganisha mambo hayo. Akilini mwangu ilikuwa ni moto uliomdhuru khalati, na nililichukia seredani kama mtu anavyochukia mbwa aliyemuuma nduguye. Siku hiyo mama alinitoa kitandani kwa khalati akanihamishia kwake, nami nikadhani ni kwa sababu kidole cha khalati kinauma.

Usiku ule niliwasikia wakibishana jikoni. Mama alisema arusi iko karibu, kidole kitapona, baka litafunikwa na hina na mikono mirefu ya kanzu, na mwanamume akishaoa atakalolikuta ni kadari yake. Alisema maneno mengi, akiyarudia, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ale.

"Mungu ni msitiri, Kombo. Nawe jisitiri."

Khalati akamjibu. "Nikijisitiri mimi, dada," akasema, "ninamvua nani?"

Kulipokucha alinikogesha, akanivika gauni langu jema, akamwambia mama tunakwenda dukani. Hatukwenda dukani. Tulikwenda hospitali. Kulikuwa na msaidizi wa daktari, mzee wa Kidigo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Khalati alimwamkia shikamoo, akamweleza kwa sauti ya chini. Mzee akamwambia afumbe macho, akachukua kipande cha pamba, akawa anamgusa nacho hapa na pale, naye aonyeshe alipoguswa. Bega alilionyesha. Shingo aliionyesha. Mkono ulipofikiwa, pamba ilipita na kupita, na kidole chake kikabaki hewani, kikingoja.

Kisha khalati akamnong'oneza jambo, na mzee akaniita mimi. Nikafumba macho. Pamba ilinitekenya nikacheka. Kila iliponigusa nilionyesha: shavuni, kiganjani, kisigino, nyuma ya goti. Nilidhani ni mchezo na kwamba nilikuwa nikishinda. Akanivua gauni, akanigeuza mbele ya dirisha, akaitazama ngozi yangu kipande kwa kipande, kama mtu anunuaye kitambaa asichokiamini. Mwishowe akasema, "Huyu hana kitu."

Khalati akakaa kwenye benchi kwa kishindo. Akasema alhamdulillahi, akaufunika uso wake kwa buibui, na mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka. Baada ya hapo mzee aliongea naye muda mrefu, naye aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeelekezwa njia anayoijua.

Njiani nilimshika mkono wenye kitambaa, naye akauondoa, akanipa mwingine. Tulipofika nyumbani nilitangulia mbio nikamwambia mama kwamba tumetoka hospitali na khalati amepona, hana kitu, mzee mwenyewe amesema. Mama aliacha kila alichokuwa nacho akanikumbatia. Kisha akauona uso wa khalati mlangoni.

Bakari aliitwa. Alikuja na ami yake, na khalati akasema nao mwenyewe, pazia likiwa katikati, kwa kuwa mama hakuweza. Sikuyasikia yote. Nilimsikia akisema kwamba amemwita ili asije akaambiwa na watu. Ami aliomba radhi na kusimama upesi. Bakari alibaki amekaa, akitazama chini. Kabla ya kuondoka aliomba kadi moja katika zile zilizokuwa tayari. Khalati akaisukuma chini ya pazia kwa kipande cha ufito, asiiguse kwa mkono wake. Bakari akaiokota, akaitia mfukoni mwa kanzu. Baadaye alioa kwao Tiwi, na sijasikia mtu akimsema vibaya, nami simsemi.

Khalati alihamia kambini kabla ya Idi. Habari zilizagaa siku hiyo hiyo, na kadi zake za miaka yote zikaanza kurudi. Hakuna aliyebisha hodi. Tulizikuta asubuhi, nyingine barazani zimefungwa kwa gazeti, nyingine zimechukuliwa kwa kijiti na kutupwa jaani. Mama Zuhura alizibandua zake zote, na chokaa ya ukuta ikabanduka nazo. Mama alizikusanya, akaziweka pamoja na mihuri, akavitia vyote moto uani. Mpira ulitoa moshi mweusi ulionata kwenye nguo zilizoanikwa. Idi ilipofika, hapakuja hata sahani moja nyumbani kwetu, na za kwetu mama hakuzipeleka, kwani alijua zingemwagwa. Tulikaa sisi wawili na sinia ya tambi. Nilimuuliza kama watu wamesahau kwamba leo ni Idi. Akasema huenda wamesahau.

Khalati alikaa kambini miaka mingi, akimeza vidonge vyeupe. Tulikuwa tukienda kumwona, tukisimama mbali kidogo kama ilivyotakiwa, na yeye alipaza ile sauti yake nzito kunitania juu ya meno yangu mapya. Alirudi mimi nikiwa mwari. Maradhi yalikwisha, madaktari walisema hivyo, lakini vidole viwili vilikuwa vimejikunja visikunjuke, na watu walimwekea kikombe chake peke yake. Hakuolewa. Alilima mchicha na kuuza, akakaa nasi hadi alipofariki. Kadi hakutengeneza tena, wala mama hakuwahi kumwomba radhi kwa maneno; alikuwa akimmenyea machungwa tu, kila siku, na kumwekea mkononi.

Nilikuwa nimekwisha kuwa na watoto wangu nilipomkumbusha khalati siku ile ya hospitali. Tulikuwa tunakuna nazi, mimi na yeye, na niliisimulia kama kichekesho: pamba ilivyonitekenya, nilivyojiona mshindi, nilivyokimbia kumwambia mama kwamba khalati amepona. Nilimsubiri acheke akae chini kama zamani. Hakucheka. Nikamuuliza, kwa vile lilikuwa limenijia wakati huo huo, mbona hakungoja hata Idi ipite, mbona ilikuwa lazima iwe kesho yake tu, na arusi iko mlangoni. Jina likishaandikwa pale hospitali hakuna hina itakayolifuta, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Umelala kifuani kwangu tangu ulipoachishwa ziwa," akasema. "Yangu nilikuwa nimekwisha yajua, tangu mama yako aliponidunga ile sindano. Nilikwenda kuyajua yako."