Siku Tuliyomzika Kaka kwa Waifai Yangu

Jamani, hili nawasimulia nimeinamisha kichwa, na mkitaka kucheka chekeni, maana hata mimi kuna mahali nacheka, halafu nakumbuka uso wa mama yangu, nanyamaza.

Nilihamishiwa Handeni kikazi kutoka Korogwe mjini, nikapata nyumba nzuri ila iko bondeni, na kabla hata sijafungua mizigo nikataka intaneti. Kulikuwa na kampuni mbili: moja inakuvutia waya mpaka ndani, ila usubiri mafundi, nyingine inakuuzia kisanduku, unachomeka kwenye umeme unaanza kutumia papo hapo. Jirani yangu Mama Salehe, aliyekuja kunikaribisha, akaniambia, "Dada, subiri waya. Hivyo visanduku huku bondeni vinashika asubuhi tu, jioni watu wakishaingia mtandaoni vinakwama." Nikamjibu (eti mimi!), "Mama Salehe, nimetoka mjini, haya mambo nayajua." Nikanunua kisanduku, cheupe, kizuri, nikakiweka pembeni ya televisheni kama pambo.

Hata mwezi haukuisha, kaka yangu Shabani, aliyekuwa dereva Omani, akafariki ghafla. Ikaamuliwa azikwe hukohuko, na rafiki yake aliyekuwa akiishi naye akasema atatupigia kwa video tuone maziko. Msiba ulikuwa kwa mama, kijijini Kerenge, na huko ndiko ungebaki, lakini mimi nikapaza sauti, "Njooni kwangu, kuna waifai na televisheni kubwa!" Baba mdogo akaguna, "Msiba haukai kwa binti, Mwanaidi," ila mama akamkatiza: "Makaburini wanawake hatuendi. Huyu nisipomwona leo, nitamwona lini?" Wakakodi gari wakaja, sebule ikajaa, na majirani ambao hata majina yao sikuyajua wakaja kunipa pole.

Jioni simu ikaita, nikaiunganisha na televisheni, picha ikatokea safi kabisa, jeneza limebebwa mabegani, mama akasogea mpaka akagusa kioo. Picha ikaganda. Ikagandia kwenye kandambili za mtu. Mimi nilijua imeganda, lakini baba mdogo (macho yake hayaoni vizuri) akadhani kule wanaomba dua, akainua mikono, na sebule nzima ikainua mikono, "Amina, amina," mbele ya kandambili.

Mama Salehe akaninong'oneza, "Twendeni kwangu, waya upo." Sasa hapo ndipo kiburi kiliponikaa kooni, nikasema, "Subirini kidogo, inarudi." Nikazima nikawasha, nikajaribu simu za wageni, ndiyo kabisa hazishiki, mwisho nikapanda kwenye stuli na kile kisanduku nimekibeba kichwani kama ndoo ya maji, shemeji yangu mmoja ananielekeza, "Kushoto kidogo, hapohapo!", stuli ikateleza, nikaanguka chali katikati ya wafiwa, khanga huko, mimi huku. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakajiziba midomo kwa mitandio.

Mama hakucheka. Aliuliza taratibu, "Mwanaidi, wameshamweka?"

Ndipo nikakubali. Tukatoka mbiombio, mama nimemshika mkono, hana hata viatu, ukoo mzima nyuma yetu tunakatiza barabara, watu wa dukani wamesimama wanatushangaa. Kwa Mama Salehe picha ikaja mara moja, wala haikutikisika. Kulikuwa na tuta la mchanga, na wanaume wanajipangusa mikono, wanaondoka.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Ndiyo hapo, mama."

Akalitazama lile tuta mpaka rafiki wa kaka akakata simu. Baadaye alitutumia video nzima aliyoirekodi mwenzao mmoja, nikampelekea mama, akanirudishia simu yangu bila kuitazama. "Nilitaka kuwepo, mwanangu," akasema. "Sikutaka kuja kuangalia yaliyokwisha."

Nilivuta waya baada ya arobaini, na siku nikihama tena, wallahi nitabisha hodi kwa majirani kabla sijashusha godoro. Sasa intaneti yangu haikwami hata mvua inyeshe. Ila nikimpigia mama kwa video hapokei. Anaiacha iite mpaka ikatike, halafu ananipigia yeye kwa sauti tu, tunasalimiana.