Ndoo ya Mtani Wangu

Nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi hapa Tabora kabla ya kugombea ubunge. Mambo ya siasa nilijifundisha mwenyewe. Kanuni za Bunge nilizisoma kila jioni, nikipigia mstari kila nisichokielewa mpaka nikielewe. Kuhutubia ndiko kulikonishinda. Katika mkutano wangu wa kwanza, pale Ipuli, nilieleza vyanzo vya maji kimoja baada ya kingine, hadi nikaona walio nyuma wanaanza kuondoka.

Ndipo muuza vitumbua mmoja, mama wa Kizaramo aliyeolewa huku, akapenya hadi mbele na ndoo tupu.

"We Mnyamwezi!" akapaza sauti. "Babu zako walibeba mizigo mpaka kwetu pwani, wakarudi na shanga. Wewe huko Dodoma utabeba nini, chaki?"

Watu wakacheka. Meneja wangu wa kampeni, mgeni aliyehamia kutoka kaskazini, akanyakua kipaza sauti. "Mama, mheshimu mgombea! Mtoeni huyo!"

Meneja hakujua kwamba Mzaramo ni mtani wetu tangu enzi za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakilala kwao. Mtani anaweza kukusema vibaya hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Angetolewa yule mama, kura za Ipuli zingetoka naye.

Nikakichukua kipaza sauti. "Mwacheni mtani wangu! Babu zangu walipofika kwao waliwakuta wamelala mkekani, wanasubiri nazi ianguke!"

Vigelegele vikapasuka. Walioanza kuondoka wakarudi.

"Haya mpagazi, beba basi," akasema, akinisukumia ndoo. "Bomba letu limekauka tangu kiangazi. Mzigo wangu ndio huo."

Nikaiweka begani na kumalizia hotuba nayo. Vyanzo vya maji nikaviacha; nikaahidi jambo moja tu, kwamba bomba la Ipuli litatoa maji. Nikashinda.

Ndoo nikaenda nayo Dodoma. Swali langu la kwanza bungeni lilihusu bomba lile, na naibu waziri akajibu kwamba mchakato unaendelea. Mwanafunzi akinijibu hivyo, nilikuwa namrudishia swali. Nikasimama kwa swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, mchakato hauchoteki kwa ndoo. Kazi inaanza lini?"

Ukumbi ukacheka, wengine wakagonga meza. Naibu waziri akataja mwezi, na mwezi huohuo mitaro ikaanza kuchimbwa Ipuli.

Siku ya kufungua bomba nilirudi na ndoo yake. Mama akaikinga mwenyewe, akaijaza mpaka juu, wala hakuwatazama wageni waliokaa jukwaani.

"Umechelewa, mtani. Msafara gani huo, wa kobe?"

"Mzigo wenyewe ulikuwa wako, mzito kama maneno yako."

"Basi haujafika bado. Kwangu ni kule nyuma ya msikiti."

Nikajitwisha ndoo kichwani. Maji yalinilowanisha suti yote, nami nikatembea taratibu katikati ya barabara, Ipuli nzima ikinifuata kwa vigelegele.