Nilimfungia mwanangu ndani nikaenda kuimba kanisani

Admin, jina langu liache pembeni, na la mtoto nimelibadilisha, maana wengi ninaosali nao wako humu kwenye peji.

Mimi ni mama wa miaka 37, nauza vitenge Kariakoo na nimepanga Magomeni. Nina binti mmoja wa miaka tisa, ana usonji. Baba yake aliondoka daktari alipotuambia mtoto atabaki hivyo. Binti yangu haongei, ila akisikia kwaya anatoa sauti kubwa na kupiga makofi bila kufuata mapigo. Kwangu mimi huko ndiko kuimba kwake.

Kwenye kwaya mimi ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo. Kabla ya Pasaka mwenyekiti wetu, ambaye ni rafiki yangu kuliko wote pale, aliniita baada ya mazoezi. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama Nuru, unajua tunampenda mtoto na tunamwombea. Ila waumini wanalalamika. Pasaka tutakuwa na wageni na tunarekodi. Mwache tu nyumbani."

Nikamuuliza nimwache na nani.

"Mungu atafungua njia," akasema.

Huyu huyu aliwahi kusimama mbele ya kanisa, machozi yanamtoka, akasema Nuru ni mtoto wetu sote.

Sasa hapa naomba msinihukumu, au nihukumuni tu. Ningeweza kukataa. Sikukataa kwa sababu nilitaka kuimba. Nilikuwa na ubeti wa peke yangu na sare mpya imeshashonwa. Mama Zuhura, jirani yangu Mwislamu anayekaaga na Nuru nikiwa kazini, siku hiyo alikuwa na msiba Mbagala. Nikaona aibu kumwambia. Asubuhi nikampa mtoto uji, nikamwashia katuni kwenye televisheni, nikafunga mlango kwa nje na kufuli. Nikajiambia ni masaa matatu.

Niliimba jamani. Watu walisimama wakanipigia vigelegele, na kwa muda ule nilimsahau mwanangu.

Ibada ikachelewa kuisha, nikafika nyumbani saa nane mchana. Nikakuta kufuli limevunjwa. Mama Zuhura amekaa sakafuni kampakata Nuru, kanga yake yote damu. Umeme ulikatika, televisheni ikazima, mtoto akaanza kupiga kioo cha dirisha kwa mikono. Mama Zuhura alimsikia tangu barabarani alipokuwa anarudi.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Nuru, ungeniambia ningekwenda naye msibani."

Mkono ulishonwa nyuzi kumi na moja. Nikaandika kwenye grupu la kwaya. Wakajibu, "Pole mpendwa, tunakuombea," kisha wakaendelea kutumiana video ya Pasaka. Hakuna aliyekuja kumwona. Siku ya nne mwenyekiti akapiga simu, nikadhani anamuulizia mtoto. Akasema, "Jumamosi kwenye mazoezi utakuwepo?" Nikakata simu.

Ni mwezi wa tatu sasa sijakanyaga kanisani. Mchungaji alikuja, akaniambia nisiwaangalie watu, nimwangalie Mungu. Halafu akasema nikirudi, Nuru atatafutiwa chumba cha nyuma akae na mhudumu. Mama yangu kule Songea analia kwenye simu kwamba nimeasi. Na kweli nina kiu ya ibada. Jumapili nikisikia wapangaji wanatoka kwenda kusali, naingia bafuni nalia.

Ila tangu siku ile Nuru hatoi sauti kabisa. Nikimwimbia nikiwa napika, ananiangalia mdomo tu.

Nikirudi naona kama nakubali walichomfanyia mwanangu. Nisiporudi, nitakuwa nawatwisha wao kosa langu, maana mlango niliufunga mimi kwa mkono wangu.

Ndugu zangu, hasa wenye watoto kama wangu, niambieni. Nirudi naye tukae benchi la mbele watuvumilie hivyo hivyo? Nihamie kanisa lingine? Na mtoto asiyeongea, mnamwombaje msamaha hadi mjue amekusameheni?