Mjomba Maiti

Hapa kwetu Hong Kong, mwigizaji akifa kwenye filamu hupewa bahasha nyekundu yenye vijisenti, kuondoa nuksi. Mzee mmoja wetu, ambaye kila filamu kazi yake ilikuwa kufa, alikuwa akiipokea kwa mikono miwili, anainamisha kichwa, kisha anaitia mfukoni kabla sijamfuta damu. Damu hiyo ya bandia nilimpaka mimi, mpambaji wake, miaka yote, na shingo yake naijua kuliko anavyoijua mkewe. Alikufa vizuri, ila alikuwa na kasoro moja: akishalala chini, midomo inamcheza.

"Maiti anaongea tena," muongozaji alikuwa akilalamika. "Mjomba, unasali?"

"Natunga," anajibu bila kufumbua macho. "Nyie endeleeni tu."

Tulicheka, tukamwita Mjomba Maiti, naye akaendelea kutunga sakafuni, kwenye majeneza, siku moja hata ndani ya pipa la samaki.

Jana tulimaliza kupiga filamu aliyoiandika yeye. Katika onyesho la mwisho Szeto, nyota wetu mkubwa, aliyekwisha kumuua Mjomba kwenye filamu chungu nzima, alilala chali mlangoni mwa mkahawa, shingo imelowa damu niliyompaka. Mjomba alimruka, akaketi, akala tambi zake taratibu mpaka bakuli likabaki tupu. Muongozaji aliposema "kata", watu wote wakapiga makofi. Msaidizi, kwa mazoea, akamletea Mjomba bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaitia kwenye mfuko wa koti la Szeto.

"Pole, mkubwa," akamwambia. "Utazoea."