Komunike ya Kifo

Yaya yangu, kaka yangu mkubwa, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Bunia. Alitengeneza mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na wachimbaji wa Bambu walizipenda. Bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo, barabara ilipitika, na mashine hizo zililisha nyumba nzima, pamoja na mimi niliyeacha shule mapema nikawa mtu wa kuzurura.

Siku moja mtangazaji wa redio akasema kwamba mfanyabiashara mmoja wa mjini amepewa brevet, hati ya kumiliki uvumbuzi, ya mashine kama hiyo. Fundi mwingine akiitengeneza ni mwizi. Wiki haikuisha, wateja wote wakakimbia. Yaya akafunga karakana.

Nilimfuata mfanyabiashara mwenyewe. Akacheka.

“Brevet gani? Niliomba tu. Tena yangu inatembea na maji, ya yaya yako na mafuta ya mazutu. Uliza ule mwenye alisema.”

Nikamwuliza. Mtangazaji hakuinua hata kichwa.

“Kuomba, kupewa, kwa musikilizaji ni moja tu. Na weye, ulisoma wapi?”

Ningeweza kumsamehe uongo. Swali lile, hapana.

Redio zetu zinaishi kwa komunike: vifo, harusi, mbuzi waliopotea. Unalipa, mtangazaji anasoma. Nikaandika yangu. Mama wa mapokezi pale redioni aliipitia, akaziba mdomo kwa kitenge.

“Ule hasomaga mbele ya kutangaza,” akasema, akaichomeka katikati ya vifo.

Tulisikiliza pamoja, yaya na mimi. Sauti ilikuwa nzito, ya msiba kweli: “Wasikilizaji wa Bunia wako na huzuni kutangaza kifo cha habari ya brevet ya mashine ya mawe. Mwenye mashine aliomba tu, hajapewa kitu. Kila fundi aendelee na kazi. Marehemu anaacha baba mumoja, ni miye mwenye kuso…”

Akakatiza. Kisha muziki.

Kesho yake sokoni akina mama walimpa mtangazaji mkono wa pole, mmoja mmoja. “Pole, papa. Mutoto aligonjwa siku mingi?”

Wachimbaji walirudi kabla ya Jumapili. Yaya, macho kwenye cheche, akaniambia, “Muachilie sasa. Kazi imerudi.”

Sikumwachilia. Nilinunua sukari na majani ya chai, kama wanavyopelekewa wafiwa, nikampelekea mlangoni mwa redio wakati watu wanatoka. Nikampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akapokea.