Siku Tulipoitandikia Nyasi Nyumba ya Magurudumu

Juzi nilitoka Buhembe kwenda Muleba kwenye harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani, nikiendeshwa na mjukuu wangu. Tulipoanza kupanda kilima kimoja tukajikuta nyuma ya lori kuukuu la dizeli lililokuwa likivuta nyumba ya watalii. Nasema nyumba kwa kuwa ilikuwa nyumba kweli: ilikuwa na mlango, dirisha lenye pazia, na juu ya paa kibomba cha kutolea moshi wa jiko. Lori lilinguruma kwa gia ya kwanza, likitambaa kama mzee anayepanda ngazi za kanisa. Mjukuu wangu akaanza kupiga honi.

"Babu, huyu atatulaza njiani."

Nikamwamuru azime redio, ashushe vioo na anyamaze. Alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo babu yake ameanza kuchanganyikiwa, lakini alitii. Moshi ule mweusi ukaingia garini, mlio wa injini ukanijaa kifuani, na mimi, mtu mzima niliyewekewa kiti cha mbele harusini, nikahisi moyo ukinidunda kama wa mtoto aliyesikia ngoma ng'ambo ya bonde.

Keti nikueleze sababu, rafiki yangu. Ila elewa kwanza jambo moja: nitakayokusimulia niliyaona. Pale nitakapotegemea maneno ya watu nitasema wazi kwamba ni maneno ya watu, nawe uyapime mwenyewe.

Nililelewa kwa bibi yangu, juu Kamachumu, ambako asubuhi ukungu hukaa migombani mpaka jua lipate nguvu ya kuufukuza. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, imezungukwa na migomba na mibuni, na nje ya kibanja ilianza rweya, ile nyika ya majani isiyolimwa, ambako tulichunga mbuzi na kukata nyasi. Kazi ya nyasi ilikuwa yetu watoto. Wakati ule sakafu ya nyumba iliyojiheshimu haikuwa ya saruji; ilitandikwa nyasi, na mgeni alipotarajiwa nyasi kuukuu ziliondolewa, mpya zikatandikwa, laini na zenye harufu nzuri hata ungetamani kulala pale mlangoni. Bibi alikuwa na msemo wake: "Mgeni asiyekanyaga nyasi mbichi hajakaribishwa, amevumiliwa tu."

Bibi hakuwa akiona. Macho yake yalizibwa na utando mweupe, ule uitwao mtoto wa jicho, kabla mimi sijazaliwa. Alimenya ndizi kwa haraka kuliko mama yangu, akazipanga chunguni na maharage, akazifunika kwa majani ya mgomba, na alijua kwa harufu pekee lini ziepuliwe. Hatua za kila mtu alizijua. Uso wangu aliujua kwa vidole: kila nilipotoka shuleni alinishika mashavu, akayapapasa, akasema, "Umefanana na mama yako, ndivyo wanavyoniambia." Neno hilo la "wanavyoniambia" alilitamka kwa namna ambayo sikuielewa mpaka baadaye.

Basi Jumapili moja mwinjilisti wetu alitangaza kanisani kwamba daktari wa macho alikuwa amefika Bukoba kwa meli, na kwamba angezunguka vijijini akiwa na nyumba ya kupasulia iliyojengwa juu ya magurudumu, ikivutwa na lori. Wenye mtoto wa jicho wangefunguliwa macho humo ndani. Kijiji kizima kikachemka. Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi usiojua likizo, alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba macho yanang'olewa, yanaoshwa kwenye beseni, kisha yanarudishwa, na kwamba kuna watu wa Kashai waliorudishiwa macho yasiyo yao. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho akitafuna buni.

"Wewe ulimwona mtu huyo?"

"Nimeambiwa, waitu," akajibu kwa lile neno letu la heshima.

"Na aliyekuambia?"

"Naye aliambiwa."

"Basi nenda ukalete mmoja aliyeona. Mpaka hapo, mimi nakwenda."

Tangu siku hiyo hapakukalika. Bibi alipiga hesabu ya kila mtu na kazi yake kama jemadari. Mama atapika, vijana watachinja mbuzi, wanawake wataleta lubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Na nyasi? Hapo ndipo palipokuwa na swali ambalo kijiji hakikuwahi kuulizwa. Mgeni huyu anakuja na nyumba yake. Nyasi za kumkaribisha zitandikwe wapi? Wazee walishauriana, na bibi ndiye aliyetoa uamuzi: ikiwa nyumba yenyewe ndiyo mgeni, basi inakanyaga barabarani, kwa hiyo barabara ndiyo itandikwe.

Mtu yeyote asikudanganye kwamba lilikuwa wazo la kipuuzi. Sote tuliliona la heshima na la haki. Watoto, wanawake, hata wanakwaya, tulishuka rweya kabla umande haujakauka, tukakata nyasi, tukazibeba vichwani, tukazitandika kwenye ule mwinuko mkali wa mwisho, pale barabara inapopinda na kupanda kama inakimbia mbinguni. Tulizitandika nene, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Tulipomaliza, kilima kilikuwa kimevaa zulia la kijani, na kilinukia kama nyumba ya bwana harusi.

Tulilisikia lori kabla hatujaliona. Mlio ulitoka chini kabisa bondeni, ukapotea, ukarudi umekua. Watoto tulipanda juu ya mawe. Kwanza tuliona moshi ukipanda juu ya migomba. Kisha pua ya lori bovu la rangi ya bluu iliyopauka, taa moja imefungwa kwa waya. Na nyuma yake, Mungu wangu, nyumba nyeupe yenye madirisha, ikiyumba taratibu kama bibi harusi anayeona haya. Tulipiga kelele hata mbuzi wakakata kamba. Mimi nilimshika bibi mkono nikimweleza kila kitu, naye akiniuliza maswali kuliko niliyoweza kuyajibu: ina milango mingapi, ni ndefu kama kanisa, dereva amevaa nini.

Dereva alichanganya gia, akaipa injini moto, akaingia kwenye nyasi zetu.

Lori lilipanda kidogo, likasita, likaanza kuteleza. Magurudumu yalizunguka mahali pamoja yakirusha nyasi nyuma kama ng'ombe anayechimba udongo kwa kwato. Kisha, mbele ya macho yetu sote, lori na nyumba yake vikaanza kurudi chini. Utingo aliruka na gogo akalitupa nyuma ya gurudumu. Lori likasimama kwa kishindo, na ile nyumba nyeupe ikapinda upande, tairi moja ukingoni mwa korongo.

Dereva alishuka, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, akaokota nyasi mkono mzima.

"Nani amenitandikia haya? Nimekuja kuoa?"

Hakuna aliyecheka. Mwinjilisti akamweleza, kwa adabu, kwamba ni desturi ya heshima.

"Heshima!" akasema dereva. "Wahaya bwana, mtaniua kwa heshima. Gari hii nimeipandisha milima yote ninayoijua, kwenye tope, kwenye kokoto, lakini kupanda saladi sijawahi." Kisha akaangalia ziwani, ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kusimama, na sauti yake ikabadilika. "Sikilizeni, wazee. Nyasi hizi zitoke zote sasa hivi. Mvua ikinikuta hapa, nashuka, nawapelekea watu wa bondeni nyumba hii, na ninyi mtangoja mpaka kiangazi barabara ikauke."

Kiangazi! Bibi alikuwa tayari mtu wa kushikwa mkono. Mama yangu alishika jembe hapo hapo na kuanza kukwangua, lakini wazee wakamzuia, na katika uso wa kila mmoja niliiona ile hofu. Nyasi alizotandikiwa mgeni haziondolewi kabla hajazikanyaga. Kufanya hivyo ni kumwambia arudi alikotoka. Wakageuka wote kumtazama bibi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyasi na yeye ndiye mwenye macho ya kutibiwa. Wingu lilikuwa linapanda. Nami nikaanza kulia, kwa sababu nilidhani atachagua nyasi.

"Daktari yuko wapi?" akauliza.

Daktari alikuwa amekwisha kushuka, mama mnene wa makamo, mgeni wa mkoa wetu, amesimama kando ya lori akijifuta jasho.

"Niko hapa, mama."

"Mwanangu, unaweza kutembea?"

"Nimetembea maisha yangu yote, mama."

"Basi vua viatu, uje."

Na daktari yule, sijui mtu wa leo angefanya nini, alivua viatu vyake bila kuuliza neno, akamkabidhi utingo, akaanza kupanda. Bibi akaniachia mkono, akashuka peke yake kumlaki, akipapasa njia kwa nyayo. Wakakutana katikati ya kilima. Bibi akamshika mkono, wakapanda pamoja juu ya zile nyasi, mmoja akihema kwa unene na mwingine kwa uzee, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyokwenda mpaka ziwani na kurudi. Walipofika juu, bibi aligeuka, akapaza sauti ambayo sikujua anayo: "Mgeni ameshakanyaga! Zoeni!"

Rafiki yangu, sijawahi tena kuona watu wakifanya kazi namna ile. Majembe, mikono, kanga, matenga; nyasi zilizotuchukua asubuhi nzima ziliondoka kama zimepeperushwa. Watoto tulileta changarawe kutoka korongoni tukaimwaga pale palipoteleza. Vijana walifunga kamba mbele ya lori, na jirani yetu mwenye ulimi akajifunga kibwebwe akaishika ya kwanza, akiwatukana wanaume waliochelewa: "Mnakula kama lori, mnavuta kama kuku!" Dereva akapanda, akapiga stata, injini ikakohoa, ikanguruma. "Mpola! Mpola!" wazee wakapiga kelele, taratibu, taratibu. Utingo alitembea nyuma na gogo lake, akiliweka kila lori liliposita. Kilima kizima kiligeuka moshi na wimbo. Tone la kwanza la mvua lilinipiga puani wakati gurudumu la mwisho la ile nyumba nyeupe lilipofika tambarare.

Baadaye nilisikia watu wakisimulia kwamba lori lilipandishwa na wanawake peke yao, na wengine kwamba injini ilikuwa imezimika. Si kweli. Injini ilifanya kazi, na wanaume pia, ingawa ni kweli kwamba wanawake walitangulia.

Bibi alipasuliwa kesho yake. Alilala siku kadhaa akiwa amefungwa bandeji, haruhusiwi hata kugeuza kichwa, akilalamika tu kwamba ndizi za mwanawe hazina chumvi. Siku ya kufungua tulisimama mlangoni, mimi, mama na jirani. Daktari alitoa bandeji, akamvalisha miwani minene iliyoyafanya macho yake yawe makubwa kama ya ndama. Bibi hakulia wala hakusali. Alitazama dari, akatazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma, kisha akamtazama mama yangu kwa muda mrefu.

"Kumbe umezeeka, mwanangu, na hukuniambia."

Mama alicheka, kisha akajifunika uso kwa kanga. Bibi akanigeukia mimi.

"Na huyu ndiye? Njoo. Geuka. Geuka tena." Akanishika sikio. "Nani aliyesema amefanana na mama yake? Wote mlikuwa mkinidanganya. Huyu ni babu yake mtupu! Tazameni masikio haya!"

Rweya tulikokata nyasi sasa imepandwa misonobari. Nyumba zetu zina saruji, na nyingine vigae vinavyong'aa. Mgeni huambiwa avue viatu ili asichafue. Mwenye mtoto wa jicho hupanda gari asubuhi, akapasuliwa hospitalini, akarudi kwake bila jirani kujua. Ni vizuri, na sitaki mtu yeyote angoje kiangazi. Lakini kupona kwa bibi kulikuwa kazi ya kilima kizima, na sijaona tena jambo la mtu mmoja likiwashikisha watu wote kamba moja.

Bibi aliona mpaka alipokufa. Alikagua mibuni yote, akaona imepogolewa vibaya, akatuambia hivyo kila siku. Babu alifariki kabla sijazaliwa, wala picha yake haikupigwa. Kila ninaponyoa ndevu huyageuza masikio haya kwenye kioo, moja baada ya jingine, nikimtafuta humo mtu ambaye hakuna tena aliye hai aliyewahi kumwona.