Kaimu wa Mama Faili

Tangu enzi za baraza la mji, Mama Faili alikuwa karani wa masjala, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna barua iliyompotea. Kisha ikaja kaunti. Baraza lilivunjwa Ijumaa. Jumatatu jengo lilelile likaamka na kibao kipya na wakubwa wasiojua hata choo kiko wapi. Wote walikuwa makaimu: kaimu mkurugenzi, kaimu katibu, kaimu mkuu wa utumishi. Hata mlinzi wa getini alijiita kaimu, maana mwenyewe alikuwa semina.

Mama Faili alitaka siku kumi tu za likizo. Binti yake alikuwa anakaribia kujifungua, mwendo wa siku nzima kwa basi. Uzazi wa kwanza aliukosa kwa sababu ya ukaguzi wa mafaili, na binti hakununa; alisema tu, "Najua kazi, mama." Afadhali angenuna.

Akapeleka fomu kwa kaimu mkuu wa utumishi, kijana ambaye suti yake bado ilikuwa na lebo mkononi.

"Ningesaini, mama, ila waraka unakataza kaimu kuidhinisha likizo. Mpaka tuthibitishwe."

"Anayewathibitisha nani?"

"Bodi."

"Iko wapi?"

"Haijaundwa. Ina kaimu mwenyekiti."

"Naye hasaini."

"Umeelewa haraka. Wengine huwa nawachorea."

Siku tatu alipanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakaomba likizo yao. Kaimu katibu alimtuma kwa kaimu mkurugenzi, naye akamrudisha kwa mwenye lebo. Alhamisi asubuhi mkwewe akapiga simu: uchungu umeanza, na mke wangu anakuulizia, mama.

Mama Faili akakata simu, akafungua kabati na kuutoa huo waraka. Aliupokea mwenyewe, akaupiga muhuri, akaufaili. Kuusoma ndiyo hakuwahi. Kifungu cha nne: likizo itaidhinishwa na ofisa yeyote aliyethibitishwa kazini.

Akawahesabu watu wa jengo zima, ghorofa kwa ghorofa. Aliyethibitishwa alikuwa mmoja, na ndiye aliyeshika kalamu.

Akasaini. Akagonga muhuri, akaiingiza fomu kwenye rejista, akaacha nakala juu ya meza ya kijana na funguo za masjala juu yake.

Basi lilikuwa limeshatoka mjini mwenye lebo alipopiga simu.

"Mama, nani kakusainia?"

"Aliyethibitishwa."

Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Sawa. Sasa mkurugenzi anautaka huo waraka, na mafaili haya sielewi yanaanzia wapi. Nimuulize nani?"

"Soma chini ya fomu, mwanangu, pale pa atakayekaimu nafasi yangu."

Akasoma. Akakohoa.

"Lakini hili ni jina langu."

"Hongera," Mama Faili akasema, akazima simu.